Diski tatu, makosa matatu: kisa cha video za simu zilizogoma kwenye deki ya DVD

Video zilikuwa nane, zote za sherehe moja ya familia, zote zimepigwa kwa simu. Sita zilipigwa simu ikiwa imelazwa, mbili ikiwa imesimama. Jumla yake ni saa 2 na dakika 12, na kwenye kompyuta zilichukua gigabaiti 11 hivi. Mwenye nazo alitaka diski ambayo wazee wataitia kwenye deki ya sebuleni, wabonyeze rimoti, waangalie. Bila kompyuta, bila intaneti.

Diski ya kwanza deki iliikataa papo hapo. Ya pili ilicheza, ila sauti iliachana na midomo, watu wengine wakarefuka kama milingoti na wengine wakatandazika. Ya tatu ilikwenda vizuri hadi saa 1 na dakika 40, ikaganda. Mara zote tatu lawama ilikwenda kulekule: "diski hizi ni feki." Kumbe plastiki ilikuwa na kosa mara moja tu, ile ya mwisho. Ya kwanza iliponzwa na mpangilio wa data, ya pili na namna picha na sauti zilivyogeuzwa. Hayo ni matabaka matatu yanayojitegemea. Anayeyachanganya hununua pakiti nyingine ya diski tupu wakati kosa liko kwenye faili, au hukesha akigeuza video upya wakati kosa liko kwenye plastiki.

Diski ya kwanza: data safi, mpangilio usiotambulika

Alibana video zake hadi zikatosha gigabaiti 4.3, akaziburuta MP4 zote nane kwenye dirisha la kuchomea, akachagua diski ya data, akachoma. Kwenye kompyuta diski ilifunguka bila shida. Deki ikaandika kwamba haiwezi kuisoma.

Deki ya kawaida haitafuti video popote ilipo. Inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, jina hilohilo kwa herufi kubwa, ikiwa imekaa juu kabisa kwenye diski na si ndani ya folda nyingine. Humo inasoma kwanza VIDEO_TS.IFO ili ijue kilichomo na mahali pa kuanzia, kisha VTS_01_0.IFO yenye ramani ya sura. Mafaili ya BUP ni nakala za akiba za IFO. Picha na sauti zimo kwenye VTS_01_1.VOB, VTS_01_2.VOB na kuendelea, na kila VOB haizidi gigabaiti 1, ndiyo maana video ndefu huonekana imekatwa vipande. Vipande hivyo hutegemeana. Kunakili VOB moja peke yake kwenye diski ni kurudi kwenye tatizo lilelile. Diski yenyewe nayo lazima ipangwe kwa mfumo wa mafaili uitwao UDF, toleo la 1.02. Ukichagua "diski ya data", programu nyingi hutumia toleo jipya zaidi la UDF ambalo deki ya zamani hailijui, hata kama folda ya VIDEO_TS imo.

Kisha kuna lugha ya picha yenyewe. Kanuni za DVD zilikamilika mwaka 1996. H.264, njia ya kubana picha inayotumika kwenye MP4 nyingi, ilikuja 2003, na H.265 ya simu za sasa ikaja 2013. Chipu ya deki imetengenezwa kufumbua MPEG-2, njia ya kubana picha ya DVD, na haiongezewi kitu kwa programu. Kubadilisha jina la faili kutoka .mp4 kuwa .mpg hakugusi kilichomo ndani.

Zipo deki zenye alama ya DivX, na zipo zenye tundu la USB. Hizo husoma mafaili ya AVI yaliyobanwa kwa MPEG-4 ya kizazi kilichotangulia H.264, sauti ikiwa MP3. Ni njia ya mkato inayofaa kama deki ni yako na umeijaribu. Diski inayopelekwa kwa mtu mwingine haifai kutegemea bahati hiyo.

Kwa DVD halisi mipaka ni hii; PAL na NTSC zinazotajwa ni mifumo miwili ya runinga. Picha ni ya MPEG-2, pikseli 720×576 kwa fremu 25 kwa sekunde upande wa PAL, au 720×480 kwa fremu 29.97 upande wa NTSC. Kasi ya picha haipiti kilobiti 9,800 kwa sekunde, na picha pamoja na sauti hazipiti 10,080. Fremu kamili, yaani ile isiyotegemea fremu jirani, lazima irudi kila baada ya fremu 15 kwa PAL na 18 kwa NTSC. Sauti ni ya 48 kHz. AC-3, njia ya kubana sauti, ndilo chaguo salama, kwa sababu deki yoyote ya PAL au NTSC inalazimika kuifumbua, ilhali MP2, njia nyingine, si ya lazima kwa deki za NTSC.

Kiwango hiki ni cha chini kuliko kile cha simu, na ni vizuri mwenye video ajue mapema. Fremu ya 1920×1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 720×480 ina 345,600, sehemu moja kwa sita kamili. Hakuna mpangilio wa programu unaorudisha zilizotupwa. Mafaili ya asili yatunzwe. DVD ni nakala ya kutazamia.

Diski ya pili: dalili nne kwenye diski inayocheza

Safari hii alitumia programu ya kubofya mara moja: tia video, chagua PAL, choma. VIDEO_TS ikawepo, deki ikaikubali. Shida zikahamia kwenye skrini.

Tuanze na sauti, kwa kuwa ndiyo iliyomchosha zaidi. Kwenye hotuba ya dakika 38, mwanzoni midomo na maneno vilikwenda pamoja. Mwishoni maneno yalichelewa karibu sekunde 4. Dalili hii ina maana yake. Sauti ikichelewa kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, kosa liko kwenye nukta ya kuanzia na hurekebishwa kwa kuisogeza. Ikiwa pengo linakua kidogo kidogo, kosa liko kwenye hesabu ya fremu.

Simu hairekodi kwa mwendo uliotulia. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, inapunguza fremu, kisha inarudi. Faili linasema 30, ila wastani wa faili lile ulikuwa 29.95. Dakika 38 ni sekunde 2,280, kwa hiyo ndani yake mlikuwa na fremu 68,286. Programu ikazipanga kana kwamba ni 30 kila sekunde, zikaisha kwa sekunde 2,276.2. Picha ikamaliza sekunde 3.8 kabla ya sauti. Tofauti ya 0.05 haionekani kwa macho, ila hotuba ndefu huilimbikiza. Video fupi za dakika tatu nne kwenye diski hiyohiyo zilionekana sawa, na hilo ndilo linalowapoteza wengi: wanajaribu kwa kipande kifupi, kinapita, wanachoma kirefu.

Jambo la kufanya kabla ya lolote ni kuuliza faili lenyewe kwa ffprobe, amri inayokuja na ffmpeg, programu ya bure ya kugeuza video:

`ffprobe -v error -show_entries stream=codec_name,width,height,r_frame_rate,avg_frame_rate,sample_rate,color_transfer -of default=nw=1 01.mp4`

Linganisha r_frame_rate na avg_frame_rate. Zikitofautiana, faili lina mwendo unaoyumba, na ugeuzaji lazima ufuate muda ulioandikwa kwenye kila fremu, usihesabu fremu tu. Kwenye color_transfer, ukiona arib-std-b67 au smpte2084, video ni ya HDR (yenye mwanga na rangi pana kuliko za kawaida), na bila kuibadilisha rangi itatoka imepauka kama iliyofuliwa mara nyingi kwenye runinga. Mafaili ya kisa hiki yote yalikuwa bt709, rangi za kawaida, kwa hiyo hapo hapakuwa na kazi.

Kosa lililofuata ni mkatiko. Kamera ilipogeuzwa kuufuata msafara, picha ilidunda. Video za fremu 30 ziliposhushwa hadi 25, katika kila fremu sita moja ilitupwa, na jicho huliona pengo hilo hasa kwenye mwendo wa pembeni. Wengi huchagua PAL kwa sababu tu runinga zao ni za PAL. Sisi tunapendekeza uangalie mwendo wa mafaili kwanza. Deki nyingi zilizouzwa kwenye masoko ya PAL hucheza NTSC pia, lakini kinyume chake si cha kutegemea. Kwa hiyo video za fremu 30 zigeuzwe kuwa NTSC, ambako 30 kwenda 29.97 ni badiliko lisiloonekana, na za fremu 25 ziachwe PAL. Diski moja haichanganyi mifumo yote miwili ndani ya kundi moja la mada (titleset, yaani fungu moja la video kwenye diski), hivyo kama una za aina zote, fuata ile yenye dakika nyingi zaidi.

Maumbo ya watu yalikuwa na makosa mawili yaliyojificha chini ya dalili moja. Kwenye video zilizolazwa watu walikuwa wembamba na warefu. Kwenye zile za kusimama walikuwa wafupi na wapana. Deki ingekuwa na mpangilio mbaya wa skrini, wote wangeharibika kwa namna moja, na diski za dukani nazo zingeonyesha hivyo. Hapa kosa lilikuwa ndani ya diski.

Fremu ya DVD ina upana wa pikseli 720 iwe picha ni ya 4:3 au ya 16:9. Picha pana hubanwa ikaingia humo, kisha alama ndogo ndani ya faili huiambia deki iitanue. Programu iliibana picha na kuandika alama ya 4:3, basi hakuna aliyeitanua: ndiyo wembamba ule. Kwa video za kusimama, programu ilizivuta zijaze fremu nzima badala ya kuacha weusi pembeni: ndiyo utandazikaji.

Namna ya kuhesabu video ya kusimama ni rahisi ukiishika mara moja. Simu imetoa 9:16, skrini ni 16:9. Upana unaostahili ni 81/256 ya fremu, na 81/256 ya 720 ni 227.8, tuseme 228 ili iwe namba shufwa. Zilizobaki 492 zinagawanywa kuwa 246 kushoto na 246 kulia, zijazwe weusi. Namba hizi ni zilezile kwa PAL na NTSC. Kinachobadilika ni kimo tu, 576 au 480.

Dalili ya nne ilikuwa ndogo. Majina ya wahusika yaliandikwa chini kabisa ya picha, runinga ikayakata nusu. Runinga za zamani hufunika kingo za picha. Maandishi yawekwe ndani ya asilimia 80 ya katikati na hayatapotea popote.

Bajeti ya biti

Kabla ya kugeuza tena, hesabu. Mtu aliyezoea kuchagua "ubora wa juu kabisa" angeweka kilobiti 8,000, na kwa saa 2 na dakika 12 diski ingehitaji kama gigabaiti 8.

Diski tupu za kuchoma mara moja ni za aina mbili, DVD+R na DVD-R. DVD+R ya tabaka moja inabeba baiti 4,700,372,992. DVD-R inazidi kidogo, 4,707,319,808. Kompyuta inayohesabu kwa 1,024 itaonyesha 4.38, na si kwamba umepunjwa. Chukua ndogo, zidisha kwa 8, gawanya kwa sekunde 7,920: unapata kilobiti 4,747 kwa sekunde, jumla ya kila kitu. Toa asilimia 4 kwa ajili ya ufungaji wa VOB, zinabaki 4,558. Toa sauti 192, zinabaki 4,366. Tulishuka hadi 4,200. Kuacha nafasi hiyo kuna faida ya pili itakayoonekana kwenye diski ya tatu: ukingo wa nje kabisa wa diski hautumiki, na huko ndiko makosa huwa mengi.

Sauti ya 192 inatosha kwa stereo ya simu. Mpangilio wa DVD ndani ya ffmpeg huweka 448 usiposema kitu, na hizo 256 za ziada zinaporwa kwenye picha bila sababu.

Kilobiti 4,200 kwa MPEG-2 ni wastani unaoridhisha, si wa anasa. Hotuba itapendeza, uwanja wa ngoma wenye taa zinazozunguka utatoa miraba midogo. Ndiyo maana tunageuza kwa mapito mawili: pito la kwanza linapima ugumu wa kila sehemu, la pili linagawa biti panapohitajika. Video zikizidi saa 2 na nusu, gawa kwenye diski mbili. Diski ya matabaka mawili yenye gigabaiti 8.5 ipo, ila deki za zamani huikwepa au hukwama pale tabaka linapobadilika, na kwa zawadi ya wazee hatuipendekezi.

Ugeuzaji uliofanya kazi

Kwa video ya kulala, pito la kwanza:

`ffmpeg -i 01.mp4 -target ntsc-dvd -aspect 16:9 -vf "fps=30000/1001,scale=720:480:flags=lanczos:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601,setsar=32/27" -b:v 4200k -maxrate 8000k -pass 1 -an -y /dev/null`

Pito la pili ni amri ileile, ila mwisho wake, kuanzia -pass 1, unakuwa:

`-pass 2 -c:a ac3 -b:a 192k -ac 2 -ar 48000 -af aresample=async=1 01.mpg`

Kwenye Windows, badala ya /dev/null andika NUL. Kila faili limalize mapito yake mawili kabla ya kuanza lingine, kwa sababu kumbukumbu ya pito la kwanza huandikwa kwenye faili lenye jina moja na litafutwa na linalofuata.

Sehemu ya -target ndiyo inayoweka fremu kamili kila baada ya 18, ukubwa wa pakiti na kipimo cha bafa (akiba ya muda ya data) ambavyo deki inavidai. Chochote unachoandika baada yake kinachukua nafasi ya mpangilio wake, kwa hiyo isogezwe mbele, isije nyuma ya -b:v. Sehemu ya fps inapanga fremu kwa kufuata muda wake halisi, ikirudia au kuacha moja moja, na aresample inaziba mapengo madogo ya sauti. Hizo mbili ndizo zilizoimaliza tofauti ya sekunde 3.8. Maneno ya color_matrix yanahamisha rangi kutoka kipimo cha picha kubwa kwenda kile cha DVD. Ukiyaacha, kijani na nyekundu zinahama kidogo, na ngozi za watu ndipo huonekana.

Kwa zile mbili za kusimama, sehemu ya picha, yaani yaliyo ndani ya -vf, inakuwa `fps=30000/1001,scale=228:480:flags=lanczos:in_color_matrix=bt709:out_color_matrix=bt601,pad=720:480:246:0,setsar=32/27`. Huna haja ya kuzizungusha kwa mkono. Ffmpeg husoma alama ya mzunguko iliyoandikwa na simu. Ukizungusha na wewe, zitalala.

Mafaili manane ya .mpg yakiwa tayari, tazama la hotuba mwishoni mwake, dakika ya 36 hivi, kabla ya kwenda mbele. Usitazame mwanzo.

Kupanga VIDEO_TS kulifanywa kwa dvdauthor, programu ya kuunda mpangilio wa DVD, na faili dogo la diski.xml:

```
<dvdauthor dest="DISKI">
  <vmgm />
  <titleset>
    <titles>
      <video format="ntsc" aspect="16:9" />
      <pgc>
        <vob file="01.mpg" chapters="0" />
        <vob file="02.mpg" chapters="0,10:00,20:00,30:00" />
        <vob file="03.mpg" chapters="0" />
      </pgc>
    </titles>
  </titleset>
</dvdauthor>
```

Mengine matano yanaongezwa chini kwa mtindo uleule, kisha `VIDEO_FORMAT=NTSC dvdauthor -x diski.xml`. Kila video inaanza sura mpya, na hotuba ndefu ina sura kila dakika 10, ili kitufe cha kuruka mbele kwenye rimoti kiwe na kazi. Hakuna menyu. Diski inaanza kucheza yenyewe, na kwa watazamaji hawa hilo ni bora kuliko menyu nzuri inayosubiri mtu ajue kitufe cha mshale. Anayetaka menyu atumie DVDStyler, programu ya bure yenye madirisha, aingize .mpg hizi na kwenye sifa za video achague kunakili bila kugeuza upya, la sivyo kazi yote ya hapo juu itarudiwa kwa mipangilio mingine.

Folda ya DISKI icheze kwanza kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ikiwa bado kwenye diski kuu ya kompyuta. Makosa mengi ya tabaka la pili, yaani ya picha na sauti, yanaonekana hapo, bila kuunguza plastiki.

Diski ya tatu: plastiki

Folda ilicheza vizuri kwenye VLC mwanzo hadi mwisho. Ikachomwa kwa kasi ya 16x kwenye DVD+R, ikabandikwa stika ya karatasi yenye picha ya familia, ikatiwa kwenye deki. Saa 1 na dakika 40: miraba, sauti kukatika, kuganda.

Sasa upimaji ni mwepesi. Folda ileile inapita nukta ile kwenye kompyuta, basi picha na mpangilio havina hatia. Diski iliponakiliwa kurudi kwenye kompyuta, unakili ulikwenda vizuri kisha ukazorota karibu na robo ya mwisho. DVD ya tabaka moja huandikwa kutoka katikati kwenda nje. Saa 1 na dakika 40 kati ya saa 2 na dakika 12 ni robo tatu ya data, yaani karibu na ukingo.

Sababu zilikuwa mbili na zilisaidiana. Kasi ya juu kabisa ya kuchoma hufikiwa ukingoni, na hapo alama za leza kwenye rangi ya diski huwa hafifu. Kompyuta huzisoma kwa kurudiarudia. Deki haina subira hiyo kwa sababu picha lazima iendelee. Ya pili ni stika. DVD ni bamba mbili za plastiki za milimita 0.6 zilizogandishwa pamoja, na data iko katikati yake. Karatasi ikishikana upande mmoja huipinda diski kidogo ikikauka, na ikibandikwa kombo huiyumbisha inapozunguka. Mpindo huo pia huumiza zaidi ukingoni. Andika kwa kalamu laini ya wino wa kuandikia diski, au tumia diski zenye uso wa kuchapishwa. Stika iliyokwisha kubandikwa isibanduliwe. Yaweza kuiharibu diski.

Aina ya diski nayo ina uzito kwa deki kuukuu. DVD-R ilitangulia, 1997, na DVD+R ikaja 2002, hivyo deki ya zamani ina uwezekano mkubwa wa kuielewa ya kwanza. DVD+R inaweza kujitambulisha kama DVD-ROM ikiwa kifaa cha kuchomea kinaruhusu kubadilisha alama hiyo kabla ya kuchoma. Diski za RW, zinazofutika na kuandikwa upya, tuziache za majaribio: hurudisha mwanga hafifu kiasi kwamba baadhi ya deki hudhani ni diski ya matabaka mawili, zikapotea. Na mtu asitumie CD kuitetea deki yake. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa 650. Deki yaweza kucheza muziki vizuri huku sehemu yake ya DVD imechoka.

Uchomaji wa mwisho ulikuwa hivi. Folda ikafanywa taswira, yaani faili moja lenye diski nzima, kwa `genisoimage -dvd-video -V SHEREHE -o diski.iso DISKI`; neno -dvd-video ndilo linalopanga mafaili kwa mfuatano ambao deki inautaka. Ukubwa wa diski.iso ukalinganishwa na baiti 4,700,372,992. Kisha, kwenye DVD-R mpya:

`growisofs -dvd-compat -speed=4 -Z /dev/dvd=diski.iso`

Neno -dvd-compat hufunga diski ili isingoje kuongezewa kitu; diski iliyoachwa wazi ni sababu nyingine ya kawaida ya deki kukataa. Kwenye Windows, ImgBurn hufanya kazi hiyo kwa kuchoma taswira, na ina kisanduku cha kuhakiki kinachostahili kuachwa kimewashwa. Kasi ya 4x huchukua robo saa hivi. Baadhi ya diski mpya hazikubali 4x na kifaa huchagua 6x au 8x chenyewe. Hiyo nayo inafaa. Kwa kuhakiki kwenye Linux, `cmp diski.iso /dev/dvd`: ikinyamaza, au ikisema imefika mwisho wa diski.iso, iko sawa. Ikitaja baiti inayotofautiana, tupa. Deki ya wazee iliicheza yote, ikiwa ni pamoja na dakika za mwisho.

Faili la diski.iso likabaki, na nakala nyingine zikachomwa kutokana nalo bila kugeuza kitu. Nakala moja ilikwenda kwa ndugu mwenye runinga kuukuu ya PAL na ikaonyesha picha nyeusi na nyeupe. Deki yake ilikuwa ikitoa rangi za NTSC kupitia waya wa njano, na runinga ile haizijui. Kwenye menyu ya mipangilio ya deki, mfumo wa TV ulikuwa kwenye AUTO. Ulipowekwa PAL, deki ikabadilisha ishara yenyewe na rangi zikarudi. Deki isiyo na chaguo hilo ingehitaji waya wa HDMI ikiwa runinga nayo ina tundu lake, au diski nyingine ya PAL iliyogeuzwa kwa fremu 25, pamoja na mdundo wake.